Kutafuta Bluu ya Kalamu ya Nibu Katika Joto la Mtwara

Kosa la kwanza lilifanyika dukani, kabla kifuniko cha kalamu hakijafunguliwa. Chupa ilikuwa na neno "wino" tu, rangi bluu, na muuzaji alisema ni wa kalamu. Kumbe ulikuwa wino wa mhuri. Wino wa mhuri hutiwa gliserini, na mwingine mafuta, makusudi usikauke kwenye pedi yake. Ukiutia katika kalamu ya nibu, ile ya kujazwa wino yenye ncha ya madini iliyopasuliwa katikati, haushuki sawasawa, unang'ang'ania ndani, na hata ukifika karatasini unabaki mbichi hadi kesho yake. Kila mkono unaopita juu ya leja unaondoka na nusu ya sahihi. Kuisafisha kalamu kulichukua siku nne za kuloweka na kubadilisha maji, na nibu ile haikurudi kuwa kama zamani.

Huku kusini bado wapo watu wengi ambao kazi yao ni kuandika kwa mkono mambo yanayotakiwa kukaa: makatibu wa vyama vya msingi vya korosho, walimu wa madrasa wenye daftari la wanafunzi, watendaji wa vijiji, wazee wa mirathi. Kalamu ya nibu huwafikia kama zawadi. Huisifia wiki moja, kisha inalala katika mtoto wa meza kwa sababu "inavuja" au "haitoi". Mara nyingi kalamu haina kosa. Wino ndio hauendani na karatasi, na vyote viwili haviendani na joto la hapa.

Kwanza ieleweke kalamu yenyewe. Chini ya nibu kuna ulimi wa plastiki wenye mfereji mwembamba kama unywele. Wino unashuka kwa kufyonzwa na mfereji huo, na hewa inapanda kuchukua nafasi yake. Hakuna msukumo wowote. Kwa hiyo wino lazima uwe mwepesi kama maji, rangi yake iwe imeyeyuka kabisa au imesagwa laini mno, na uwe na dawa ya kuzuia ukungu. Wino wa printa haufai. Wino wa Kichina wa wachoraji, wenye shelaki, ni mbaya kuliko yote, maana unapokauka unakuwa vanishi na ulimi hauzibuki tena. Chupa isiyosema waziwazi kwamba ni ya "fountain pen", yaani kalamu ya nibu, iache dukani, hata muuzaji akiapa.

Baada ya hasara ile ikaja bluu ya kifalme, ndiyo bluu ambayo karibu kila kampuni ya kalamu hutengeneza: Pelikan 4001 Royal Blue, Lamy Blue, Quink Washable Blue, Waterman Serenity Blue ambayo zamani iliitwa Florida Blue. Ni wino mtiifu. Hauli nibu, hauzibi, kalamu inasafika kwa maji baridi ndani ya dakika chache, na tone likidondoka kwenye kanzu linatoka kwa sabuni ya kawaida. Ujerumani watoto wa shule huutumia kwa sababu ipo kalamu maalumu ya kuufuta: dawa yake inaiondolea rangi nguvu, maandishi yanapotea, kisha unaandika upya juu yake kwa kalamu nyingine.

Sifa hiyohiyo ndiyo ilileta msiba. Rangi iliyotengenezwa ili ifutike haichagui anayeifuta. Bati lilivuja usiku mmoja wa Januari, kurasa sita za daftari la wanachama zikalowa, na asubuhi hapakuwa na jina wala kilo. Palikuwa na mawingu ya bluu. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino huu ukishaondoka na maji nao hauzoleki. Jua nalo hufanya kazi hiyohiyo polepole: orodha iliyobandikwa karibu na dirisha inapauka, ikawa ya kijivu, kisha ikawa haionekani. Jasho linalodondoka kutoka kwenye kidevu wakati wa kupima korosho linatosha kufuta tarakimu moja, na tarakimu moja kwenye uzito wa magunia ni ugomvi wa msimu mzima.

Hapo wengi hukimbilia neno "permanent" kwenye lebo. Lisomwe kwa tahadhari. Kwa wino wa kawaida kama Quink Permanent Blue lina maana kwamba hautoki kwa urahisi kama ule wa kufulika; bado ni rangi iliyoyeyuka majini. Ukurasa ulioloweshwa saa nzima ulibaki na kivuli kinachosomeka kwa shida. Ni afadhali, lakini mtu asiweke hati ya shamba kwenye "afadhali".

Hatua iliyofuata ilikuwa wino wa chuma na tanini. Huu ndio wino wa zamani wa ofisi, na wasajili wa vizazi, ndoa na vifo wa Uingereza wametumia wa aina hii. Diamine ya Liverpool huuza mmoja unaoitwa Registrar's Ink. Ndani yake kuna chumvi ya chuma na tindikali ya tanini. Tanini ni ileile iliyomo kwenye magome ya mkandaa na kwenye chai ya rangi. Anayeacha chai kwenye sufuria ya chuma usiku kucha ameshaona inavyogeuka nyeusi. Wino ukigusa hewa na karatasi, chuma kinabadilika na kushikamana na nyuzi za karatasi, na maji hayakitoi tena. Bluu unayoiona unapoandika ni rangi ya muda tu iliyotiwa ili mwandishi aone anachoandika.

Jina "bluu-nyeusi" si ushahidi kwamba wino ni wa chuma. Pelikan 4001 Blue-Black na Platinum Blue-Black ni za chuma. Quink Blue-Black na Waterman Mysterious Blue si za chuma, ni rangi tupu. Salix ya Rohrer & Klingner ni ya chuma na inaanza na bluu safi kabla ya kuingia ukijivu.

Kwa maji, wino huu ulishinda. Karatasi iliyoandikwa, ikaachwa siku tatu, kisha ikalazwa kwenye sinia la maji usiku kucha, ilitoka na maandishi yote. Lakini una masharti. Ni tindikali, kwa hiyo nibu ya chuma cha bei nafuu na pete zilizopakwa rangi ya dhahabu huanza kuliwa pale wino unapokauka juu yake. Nibu ya dhahabu haina wasiwasi, ila ni wangapi wanayo? Ukiachwa kwenye kalamu isiyotumika, chuma hujitenga kikawa tope jeusi ndani ya ulimi. Chupa nayo ikishafunguliwa hewa inaingia, na kwa joto la Lindi au Mtwara masimbi hutulia chini mapema. Nunua chupa ndogo, na usiitikise ili uyachanganye masimbi, chota juu. Doa lake kwenye kanzu ni sawa na doa la kutu: limau na chumvi hulipunguza, sabuni hailigusi.

Tatizo kubwa halikuwa kutu. Hapa ofisi nyingi hutaka sahihi ya bluu ili hati halisi itofautiane na fotokopi. Wino wa chuma baada ya wiki chache huwa karibu mweusi. Hati ikawa imara, na lengo la bluu likapotea.

Bluu inayoonekana vizuri ndani ya chupa ndiyo inayopoteza watu. Kinachotakiwa kuulizwa ni mambo matatu: maandishi haya yanatakiwa kuishi miaka mingapi, yataandikwa kwenye karatasi gani, na kalamu itakaa siku ngapi bila kutumika. Rangi yenyewe ichaguliwe mwisho.

Kwa sahihi na daftari la kudumu, kilichobaki baada ya majaribio yote ni wino wa chembe. Humo rangi haikuyeyuka; ni vumbi laini mno linaloelea, nalo likikauka linakaa ndani ya karatasi na maji hayalirudishi. Platinum wana Pigment Blue, na Sailor wana Sei-boku, ambayo ni bluu iliyokolea. Unabaki bluu mwaka hadi mwaka, unastahimili jua kuliko ule wa kifalme, na haumtafuni mtu nibu. Sharti lake ni moja na halina msamaha: usikauke ndani ya kalamu. Ukikauka, chembe zinashikana na maji peke yake hayazitoi. Kalamu iandike kila siku au kila baada ya siku mbili, na isafishwe kila wiki ya tatu hata kama inatoa vizuri. Mwenye kusaini mara moja kwa mwezi asiuguse. Huyo abaki na bolpeni.

Ipo pia bluu moja kali sana, Noodler's Baystate Blue, inayong'aa kuliko zote. Inatia doa plastiki ya kalamu, vidole na sinki, na ikikutana na wino mwingine huweza kuganda. Ni ya mtu mwenye kalamu ya kuchezea. Na bluu nyepesi za kuelekea maji ya bahari ya Mikindani zinapendeza kwenye barua, lakini mashine ya fotokopi ya nyeusi-nyeupe huwa haizioni vizuri. Sahihi inatoka nusu, na benki inairudisha.

Kabla ya kuandika neno moja kwenye leja, wino ujaribiwe kwenye karatasi ileile ya leja. Si karatasi nyingine. Kaunta buku za bei nafuu zina karatasi inayofyonza kama gunia, na wino unaokaa vizuri kwenye karatasi ya A4 ya gramu 80 unaweza kutoa miguu ya buibui pembeni mwa kila herufi. Fungua ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Andika mstari mmoja, hesabu sekunde 5, pitisha kidole. Mstari wa pili sekunde 10. Wa tatu 20. Wa nne 30. Mstari wa kwanza usiochafuka ndio muda wako wa kufunga daftari. Ukizidi sekunde 20, utahitaji karatasi ya kukaushia wino kati ya kurasa, ama sivyo kila ukurasa utapiga chapa kwa mwenzake. Kisha geuza karatasi uone kama maandishi yametokea upande wa pili. Yakitokea, una njia mbili za haraka: nibu nyembamba zaidi, yenye alama F au EF, au wino mkavu zaidi. Pelikan 4001 hujulikana kwa kutoka kidogokidogo, wakati Waterman hutiririka; kalamu ileile, karatasi ileile, ukibadilisha wino peke yake mstari unanenepa au unakonda.

Jaribio la maji lisifanywe siku hiyohiyo. Subiri saa 24, na kwa wino wa chuma siku tatu. Dondosha tone moja juu ya neno, liache dakika moja, lifyonze kwa kitambaa bila kusugua. Kipande kingine kilowe saa nzima. Kwa jua, funika nusu ya maandishi kwa kadibodi, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua la mchana, fungua baada ya wiki tatu. Jaribio hili lilifanywa mwisho wakati lilipaswa kuwa la kwanza, na ndilo lingeokoa pesa nyingi, kwa sababu chupa mbili zilizopendwa sana zilipauka zote mbili.

Majaribio hayahitaji chupa nzima. Sirinji ya ml 2 kutoka duka la dawa inatosha kuchota wino wa kujaribu, na kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa vizuri kinafaa kuuhifadhi. Kama kuna mtu jirani mwenye wino tofauti, gawaneni ml 2 kwa ml 2. Chupa ya ml 50 hujaza kibomba cha ndani cha ml 0.7, kile kinachoitwa konvata, mara 70 hivi. Mtu mmoja anayeandika kawaida hatauona mwisho wake haraka. Katriji ni rahisi kubebeka lakini kwa mililita ni ghali, ingawa katriji tupu ikioshwa hujazwa tena kwa sirinji mara nyingi kabla mdomo wake haujalegea. Kwenye hesabu ya jumla, wino ulikuwa sehemu ndogo. Usafirishaji wa chupa moja moja kutoka Dar es Salaam na nje ya nchi ndio uliokula fedha, pamoja na kaunta buku ya kwaya 3 iliyonakiliwa upya kwa mkono. Ni bora kuagiza zote kwa pamoja, kabla ya mvua kubwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na mizigo ikakaa.

Joto lina tabia zake. Kalamu iliyojaa robo tu ina hewa nyingi ndani. Ukiitia mfuko wa shati na kutembea juani, hewa inapanuka na kuusukuma wino nje kupitia nibu. Ndiyo maana "inavuja" mchana na asubuhi ni nzima. Ijaze kabla haijashuka chini ya nusu, ibebe nibu ikiwa juu, na kwenye basi la kwenda Masasi au Newala iwe imejaa kabisa au tupu kabisa. Feni nayo hukausha nibu iliyoachwa wazi; ukiitwa nje, funga kifuniko kwanza. Kalamu iliyokaa muda wino wake unakuwa mzito na mweusi kuliko kawaida, kwa sababu maji yameondoka na rangi imebaki. Tone moja au mawili ya maji safi ndani ya kibomba yanaurudisha.

Karatasi iliyolala ofisini wakati wa mvua hunywa unyevu, na wino unasambaa kuliko ulivyosambaa kwenye majaribio ya Agosti. Leja ikae ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, juu ya rafu, mbali na ukuta unaoelekea baharini. Halafu kuna mafuta. Mkono uliopakwa mafuta ya nazi, au uliotoka kubangua korosho, ukiegemea ukurasa unaacha ngozi isiyoonekana na wino unaruka juu yake. Watu hulaumu nibu na kuanza kuibana kwa koleo. Weka karatasi safi chini ya kiganja, basi.

Kusafisha kunahitaji maji yasiyo na chumvi, na hapa pwani hilo si dogo. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yakikauka ndani ya ulimi yanaacha fuwele palepale penye mfereji. Maji ya mvua ni mazuri, yachotwe baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo na yachujwe kwa kitambaa. Wenyeji wa uwanda wa Makonde wanaoyahifadhi kwenye matangi wanayo tayari. Wengine hununua "maji ya betri". Soma lebo kwa makini: chupa moja ni maji yaliyokenekwa, ambayo yanafaa sana, na nyingine inayofanana nayo ni tindikali ya betri, inayochoma mikono na kuharibu kalamu.

Vuta maji, sukuma, rudia hadi yatoke meupe. Maji yawe baridi. Ya moto hupinda ulimi. Wino wa kawaida ukikaidi, changanya sehemu moja ya amonia ya kusafishia na sehemu tisa za maji, tone moja la sabuni ya vyombo, loweka nusu saa, suuza sana. Kwa wino wa chuma amonia ni marufuku, maana inaugandisha. Huo suuza kwa maji kwanza, kisha sehemu moja ya siki nyeupe kwa tisa za maji, halafu maji tena. Spiriti usiiguse, inaharibu plastiki nyingi, na Jik iache kwenye nguo. Na kamwe usibadili aina ya wino bila kuosha katikati: chuma kikikutana na wino wenye alkali, tope linatokea ndani ya kalamu.

Wino wenyewe uishi gizani, kizibo kimekazwa. Usirudishe ndani ya chupa wino uliobaki kwenye kalamu. Ndivyo ukungu unavyoingia. Ukiona utando juu, nyuzi zinazoelea, au harufu ya kuoza, mwaga chupa yote na uoshe kila kalamu iliyonywa humo.

Mafundi wa mpingo wanaweza kukuchongea mwili wa kalamu unaopendeza, na ni kazi ya kuagiza bila kusita, mradi ndani kuwe na kibomba. Wino usigusane na mti.

Mpangilio uliobaki ofisini ni kalamu mbili. Yenye uzi mwekundu kwenye klipu ina wino wa chembe, ni ya leja na sahihi, na husafishwa Ijumaa ya kila wiki ya tatu. Nyingine ina bluu ya kifalme kwa barua, rasimu na hesabu za kufanyia kazi. Risiti za nakala tatu zenye kaboni, ambazo ndizo nyingi kuanzia Oktoba korosho zinapoanza kuingia ghalani, zinaandikwa kwa bolpeni, kwa kuwa nibu ikikandamizwa hadi nakala ya tatu ionekane, meno yake hufunguka na hayafungi tena.